Hata piloti analilia ansienete yake

Kila mara tunapoongea na watumishi wa migodi juu ya sutretansi, mutu mumoja anainua mukono na kusema: "Ni juu shiye ni batu ya chini. Mwenyi kusoma hawezi kufanyiwa hivi." Wengi wanafikiri kwamba mutu akiwa na diplome, akivaa kravati na mistari ya zahabu kwenyi bega, hakuna patroni atakayemuhamisha kama mufuko wa simenti. Basi, ndugu wasomaji, na ninyi mama na watoto munaongojea mushahara kule nyumbani, leo tunawapeleka mbali kidogo, mupaka Marekani, kwa watu wanaoendesha ndege. Kazi yao inaheshimiwa dunia nzima. Shida yao mukiisikia, mutajua mumekwisha kuiona mahali fulani.

Tuseme mapema kwamba hatuombi muwalilie. Komanda wa ndege kubwa kule Marekani anapata kwa mwaka mumoja franga ambayo mutumishi wetu wa mugodi hatakaa aione. Tunajua hiyo. Lakini namna kazi yao ilivyokatwa vipande, ikagawiwa kampuni ndogo, kisha wenyewe wakaanza kugombana kati yao juu ya nani ni wa zamani kuliko mwenzake, ile inatuhusu.

Namba moja kwa maisha yote

Ili muelewe, muanze na namba. Katika kampuni za ndege za Marekani, siku piloti anapoingia kazi anapewa namba kwenyi liste, na namba ile ni ya mwisho. Kadiri wazee wanavyoenda retreti, yeye anapanda. Kila kitu kinafuata ile namba: ndege gani utaendesha, utakaa muji gani, zamu gani, Noeli utakuwa nyumbani ao angani, na lini utatoka kopiloti uwe komanda. Na siku mambo ya kampuni yanaharibika, konje tekniki inaanza na wa mwisho wa liste, inapanda polepole.

Kuna uzuri mukubwa ndani ya mupango huu. Shefu hawezi kupandisha shemeji yake. Hakuna kupeleka kuku kwa mukubwa juu ya kupata zamu ya muchana. Sisi tuliokwisha kuona watu wakipandishwa kwa kindugu, tunaweza kuwaonea wivu kidogo.

Lakini kuna ubaya wake pia. Namba haisafiri. Piloti mwenyi miaka 20 ya kazi akihamia kampuni ingine, anaanza chini kabisa, nyuma ya kijana aliyeingia jana, na mushahara wa mupya. Ansienete yake ni kama lupango ambalo hauwezi kuliuzisha wala kulihamisha. Kampuni ikifa, lupango linaenda na maji. Njo maana piloti wa Marekani anaogopa vitu viwili kuliko vingine vyote: kazi yake kupewa kampuni ingine, na kampuni yake kuungana na ingine. Tutaviona vyote viwili.

Rangi ni ya kampuni kubwa, mushahara ni wa kampuni ndogo

Munapoona ndege ndogo kwenyi uwanja wa Chicago ao New York, imepakwa rangi za United, za Delta ao za American. Tiketi inabeba jina la kampuni kubwa. Wahudumu wanakukaribisha kwa jina la kampuni kubwa. Lakini piloti, kopiloti na wahudumu, mara nyingi hawako watumishi wake hata kidogo. Wanatumika kwa kampuni ndogo iliyochukua soko la kubeba wasafiri wa miji midogo. Kofia na salopeti ni vya mugodi, badji ni ya mwingine: munajua tunazungumuza nini.

Sendika za mapiloti zilikuwa zimeiona hatari hiyo toka zamani. Sendika yao kubwa, ALPA, ilianzishwa 1931, haiko ya juzi. Ndani ya mikataba yao waliweka kipengele kinachosema kazi gani lazima ifanywe na mapiloti wa liste, na kazi gani kampuni inaweza kuipa wengine. Mupaka ulipimwa kwa idadi ya viti na uzito wa ndege. Ilikuwa kama ukuta wa lupango.

Ukuta ulibomolewaje? Hapa tunawaambia mawazo yetu wazi: tofali za kwanza zilitolewa na wenye lupango wenyewe. Miaka ya 1990 zilitokea ndege ndogo za reakta zenye viti 50, zilizotengenezwa na Bombardier ya Canada na Embraer ya Brazil. Mapiloti wakubwa wengi waliziangalia wakaona ni vitu vya watoto. Komanda wa Boeing ashuke kuendesha kitu kile? Waliacha ziende kwa kampuni ndogo, na kwenyi meza ya mazungumuzo wakaangalia zaidi mishahara yao wenyewe. Wale waliokuwa hawajaingia kazi bado hawakuwa na mutu wa kuwasemea. Kijana ambaye angeingizwa moja kwa moja mu kampuni kubwa alijikuta mulango wake wa kwanza ni kampuni ndogo, na wengine walizeeka pale pale mulangoni.

Kisha ikaja 11 Septemba 2001. Watu waliogopa kupanda ndege, kampuni zikaanguka mumoja nyuma ya mwingine kwenyi falite: US Airways mu Agosti 2002, United mu Desemba 2002, Delta na Northwest siku moja mu Septemba 2005. Kwa sheria ya Marekani, kampuni iliyo kwenyi falite inaweza kuomba juji avunje mukataba wa sendika. Mbele ya ile fimbo, sendika zilisaini vitu ambavyo miaka mitano nyuma zingevitupa mu moto. Mishahara ilikatwa. Na mupaka wa viti ukapanda: kutoka 50 mupaka 70, kisha 76.

Ndege ya viti 76 haiko teksi. Inakaribia DC-9 za kwanza, ile ndege ambayo Wakongomani wengi wanaikumbuka vizuri. Mwisho wa miaka ya 2000, karibu nusu ya safari zote za ndani ya Marekani zilifanywa na kampuni ndogo. Nusu! Wala haikuwa tena kazi ya pembeni. Ni sawa na kusema nusu ya malori ya mugodi yanaendeshwa na watu ambao mugodi unasema hauwajui.

Na kampuni ndogo zenyewe zilipiganishwa. Kampuni kubwa inaita tano ao sita, inauliza: nani atabeba kwa bei ya chini? Yule anayeshinda soko leo, baada ya miaka michache ananyanganywa. Ndege zinahamia kwa mwingine, na mapiloti wanazifuata, wanaanza tena ku mwisho wa liste mupya. Ndege ile ile, njia ile ile, mvua ile ile, lakini ansienete imerudi ziro.

Muangalie yaliyopata mapiloti wa Comair, kampuni ya muji wa Cincinnati iliyokuwa mali ya Delta. Tarehe 26 Machi 2001 waliingia mu mugomo. Walikaa inje siku 89. Mutu aliyekwisha kufanya mugomo wa siku tatu tu, akaona unga unaisha mu nyumba, anaweza kupima siku 89 ni kitu gani. Walishinda: mishahara ikapanda, wakapata mambo ya retreti pia. Tunawaheshimu mupaka leo. Lakini watumishi wa kampuni zingine ndogo hawakuwa nao ndani ya mukataba ule, kila moja ilikuwa na bei yake. Katika miaka iliyofuata kazi ilipungua, ikaenda kwa wenye bei ya chini, na mu Septemba 2012 Comair ilifungwa kabisa. Namba zote za liste ile zikafa siku moja.

Usiku wa Buffalo

Mambo ya mishahara yangebakia hesabu za karatasi kama si usiku wa 12 Februari 2009. Ndege ilitoka Newark kwenda Buffalo, kaskazini ya jimbo la New York, wakati wa baridi. Wasafiri walikuwa wamenunua tiketi ya Continental. Ndege na watumishi walikuwa wa Colgan Air. Ilipokaribia kutua ilipoteza mwendo, ikaanguka juu ya nyumba. Watu 49 waliokuwa ndani walikufa wote, na mumoja aliyekuwa mu nyumba. Jumla 50.

Wachunguzi wa serikali walisema sababu ni kosa la komanda: ndege ilipomuonya kwamba mwendo umekuwa mudogo sana, aliivuta pua juu badala ya kuishusha. Hatutaki kuficha hiyo, na mutu asifikiri kwamba sendika inapenda kufunika makosa ya watumishi. Lakini uchunguzi ulifungua mulango wa nyumba, na kila mutu akaona kilicho ndani. Kopiloti, mwanamuke kijana, alikuwa analipwa karibu dola 16,000 kwa mwaka. Kwa mushahara ule hakuweza kuwa na nyumba karibu na Newark. Aliishi kwa wazazi wake upande wa Seattle, mwisho mwingine wa inchi, na usiku ule wa mbele alisafiri kwa ndege za mizigo usiku kucha juu ya kufika kazini. Komanda naye alikuwa amelala kwenyi chumba cha watumishi pale uwanjani, fasi ambayo kampuni ilikuwa imekataza kulalia. Wachunguzi walisema inaonekana wote wawili walikuwa na uchovu, ijapokuwa hawakuweza kupima uchovu ule ulichangia kiasi gani.

Jamaa za waliokufa hawakunyamaza. Walifunga safari za Washington mara kwa mara, na picha za watu wao mukononi, mupaka sheria ikatoka mu Agosti 2010. Toka 2013, kopiloti lazima awe na saa 1,500 za kuruka, na si 250 kama mbele (kuko njia za kupunguza kidogo kwa waliotoka jeshi na shule fulani). Masaa ya kupumzika yaliongezwa. Na jambo ambalo sisi tulilipenda zaidi: anayeuzisha tiketi lazima aonyeshe mapema jina la kampuni ambayo kweli itaendesha ndege. Musafiri anajua anaingia kwa nani.

Sheria ile ilileta tokeo ambalo mapatroni hawakulitafuta. Mapiloti wapya wakawa wachache, na kampuni ndogo zikalazimika kulipa. Katika 2022, kampuni kadhaa ndogo za kundi la American zilikuwa zinamutolea kopiloti mupya dola 90 kwa saa, bonasi ndani. Ni saa ya kuruka, muelewe: wakati wa kungojea uwanjani hauhesabiwi hivyo. Hata hivyo, muweke bei ile pembeni ya zile dola 16,000 za mwaka muzima. Wakubwa walisema miaka yote kwamba franga hakuna.

Kampuni mbili, liste mbili, kitanda kimoja

Sasa tuingie kwenyi jambo la pili, ambalo kwa sisi watu wa sendika ndilo linauma zaidi, juu hapa haiko patroni na watumishi tu. Ni watumishi na watumishi.

Mu Septemba 2005, kampuni mbili ziliungana: US Airways, ya upande wa mashariki ya Marekani, kampuni ya zamani na yenyi wazee wengi, na America West, ya upande wa jangwa la Arizona, kampuni ya vijana. US Airways ilikuwa mu falite kwa mara ya pili. America West ilikuwa inasimama kwa miguu yake, hata ilikuwa inaingiza watu. Jina lililobakia lilikuwa US Airways, lakini wakubwa waliokuja kutawala walitoka America West. Sendika ilikuwa moja pande zote mbili, ALPA. Kulibakia kitu kimoja: kufanya liste mbili ziwe liste moja.

Watu wa Mashariki walisema: tarehe ya kuingia kazi. Aliyeingia 1988 anakaa mbele ya aliyeingia 1998, basi. Ni lugha ambayo kila mutu wa mugodi anaielewa. Lakini muwasikilize na watu wa Magharibi. Walisema: mwenzangu, wewe ulikuwa kwenyi konje tekniki, kampuni yako ilikuwa inaenda kaburini, bila yangu ungekuwa hauna namba yoyote. Mimi nilikuwa komanda, nilikuwa na kazi. Tukienda kwa tarehe, wewe unanipita, unachukua kiti changu, na siku ya kupunguza watu mimi ndiye ninayeenda nyumbani. Haki iko wapi?

Sisi tuliposoma mabishano yale tulishindwa kusema moja kwa moja nani ni mwongo. Kila upande ulikuwa unatetea watoto wake.

Kwa sababu hawakupatana, walienda kwa mwamuzi, George Nicolau, muzee aliyejulikana sana mu mambo hayo. Wote walikuwa wamekubali mbele kwamba atakachokata ndicho cha mwisho. Mu Mei 2007 alitoa liste yake. Zaidi ya wazee 500 wa Mashariki aliwaweka juu kabisa, juu walikuwa wanaendesha ndege kubwa za ngambo, ambazo Magharibi hawakuwa nazo. Waliofuata aliwachanganya kwa vipimo, nafasi kwa nafasi. Na wale wa Mashariki waliokuwa kwenyi konje tekniki, karibu 1,700, aliwaweka chini ya wote. Hivyo piloti wa Mashariki mwenyi miaka zaidi ya 15 ya kazi alijikuta anakaa jirani na kijana wa Magharibi aliyeingia miezi michache tu mbele ya kampuni kuungana. Nyuma yake, si mbele.

Mashariki kuliwaka moto. Walikuwa wengi kuliko Magharibi, zaidi ya mara mbili, na wingi ni kura. Mu 2008 walifukuza ALPA, wakaunda sendika mupya, USAPA, ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kukataa ile liste na kurudisha tarehe ya kuingia kazi. Magharibi nao walienda tribinali. Mu 2009 baraza la wananchi kule Phoenix liliwapa haki. Mu 2010 tribinali ya juu ikatupa hukumu ile, ikasema bado mapema. Mu 2015 tribinali ya juu ikasema tena kwamba kweli sendika haikuwatetea Magharibi kwa haki. Avoka walikula miaka yote ile.

Na wakati wote ule, kampuni ilikuwa inafanya nini? Ilikuwa inangojea. Bila liste moja hakukuwa na mukataba mumoja. Bila mukataba mumoja, Mashariki waliendelea kulipwa kwa mukataba wa falite, ule uliosainiwa na kisu shingoni, na Magharibi waliendelea na mukataba wao wa zamani. Piloti wa Mashariki hakuruka pamoja na wa Magharibi, kila upande ndege zake na miji yake, chini ya rangi moja. Hesabu ya mishahara ambayo kampuni haikulipa mu miaka ile, musomaji anaweza kuipima mwenyewe kichwani: maelfu ya mapiloti, mara miaka.

Kuko mutu mumoja wa Mashariki ambaye ulimwengu wote unamujua: komanda Chesley Sullenberger. Tarehe 15 Januari 2009, ndege wa porini walizimisha mashini zote mbili za ndege yake juu ya New York, akaitelemusha ndani ya mutoni Hudson. Watu 155, wote wazima. Alipoitwa mbele ya wabunge mwezi uliofuata, kila mutu alingojea hadisi ya muto. Yeye aliwaambia kwamba mushahara wake ulikatwa asilimia 40, kwamba pansioni yake ilifutwa na badala yake akapewa garanti ya makuta kidogo tu, na kwamba hajui piloti hata mumoja anayetaka mutoto wake afanye kazi hii. Shujaa wa dunia nzima, na bulteni yake ya mushahara ilikuwa hivyo.

Wengine walifanya vingine. Delta na Northwest ziliungana mu 2008. Mapiloti wa pande zote mbili walikubaliana kwanza juu ya mukataba mumoja wa mishahara, ukasainiwa; kisha liste wakaiachia waamuzi, ikatoka mu Desemba ya mwaka ule ule. Kuko waliolia, ni kweli, hakuna liste isiyolizisha mutu. Lakini mushahara ulikuwa umekwisha kupanda wakati wanafuta machozi.

Kwa US Airways dawa ilitoka inje. Mu Desemba 2013 iliungana na American, na mapiloti wakaingia mu sendika ya American. Waamuzi watatu waliketi, wakatengeneza liste moja ya watu karibu 15,000, ikatoka mu Septemba 2016. Miaka 11 toka kuungana kwa kwanza. Waliokuwa na miaka 50 siku ile walikuwa wamekwisha kukaribia retreti.

Walichokipata wahudumu wa TWA

Tusiwasahau ambao si mapiloti. Mu 2001 American ilinunua kampuni ya TWA. Mapiloti wa TWA zaidi ya nusu waliwekwa ku mwisho wa liste ya American. Wahudumu wa ndani ya ndege, wote, maelfu, waliwekwa ku mwisho, hata mama wa miaka 30 ya kazi. Miezi michache kisha ikaja 11 Septemba, kampuni ikaanza kupunguza watu toka chini. Chini kulikuwa nani? Mu miaka miwili wahudumu wa TWA walikuwa wamekwisha kurudishwa nyumbani wote.

Ni machozi ya wamama wale, wengi wao watu wa jimbo la Missouri, yaliyofanya wasenatori wawili wa kule, Claire McCaskill na Kit Bond, mumoja wa chama hiki na mwingine wa chama kile, wapitishe sheria mu Desemba 2007. Inasema kampuni za ndege zikiungana, liste lazima ziunganishwe kwa haki na usawa, na wakishindwa kupatana waende kwa mwamuzi. Wenyewe wa TWA haikuwasaidia, walikuwa wamekwisha kuondoka. Lakini hakuna tena anayeweza kuwabandika watu wote wa kampuni iliyonunuliwa ku mwisho kwa kupenda kwake.

Na kwetu?

Kwetu migodi inabadilisha wenyewe mara nyingi kuliko ndege. Hisa zinauzishwa Hong Kong ao London, sisi tunasikia ku redio. Kwa upande huu, Kodi yetu ya Kazi ya 2002 haiko mubaya: inasema mwenyi kampuni akibadilika, kwa kuuzisha ao kwa kuungana, kontra za watumishi zinaendelea na mwenyi mupya. Na wakati wa kupunguza watu kwa sababu za franga, inaagiza waangalie ufundi wa mutu, ansienete yake, na muzigo wa familia yake. Muzigo wa familia: hata piloti wa Marekani hana hiyo ndani ya liste yake.

Tundu liko kwenyi sutretansi. Soko likiisha, kampuni ndogo inasema: mimi sikuuzishwa, sikuungana na mutu, soko langu limeisha. Ile mupya inayochukua soko inasema: mimi sikununua kitu, ninaingiza watu wapya. Lori ni lile lile, shimo ni lile lile, na mutu mwenyi miaka tisa anasaini kontra ya miezi mitatu ya majaribio. Sheria ya 8 Februari 2017 juu ya sutretansi inaangalia sana nani ni mwenyi kampuni, awe Mukongomani, na kiasi gani cha soko kinaweza kupewa mwingine. Ni vizuri. Lakini mutumishi halishi watoto kwa sababu patroni wake ni ndugu yake.

Njo maana mu mazungumuzo ya mwaka huu tunataka kipengele kimoja kiandikwe ndani ya masoko yenyewe: kampuni mupya ikichukua kazi ya nyingine kwenyi mugodi ule ule, ichukue na watumishi, na tarehe zao za kwanza. Na tunataka wadelege wa watumishi wa mugodi na wale wa kampuni ndogo waketi kwenyi meza moja siku ile. Kuko wenzetu wa kontra za moja kwa moja wanaosema ile haiwahusu. Tumewaambia juu ya zile ndege za viti 50.

Wakati tunangojea, kuko kazi ya kufanya nyumbani, na mara nyingi ni mama anayeifanya vizuri. Bulteni zote za mushahara ziwekwe pamoja, toka ya kwanza, hata zilizochanika. Kontra yoyote inapoisha, mutumishi adai karatasi ya mwisho wa kazi inayoonyesha tarehe ya kuingia na ya kutoka, asikubali kuambiwa arudi wiki ijayo mara tatu. Namba ya CNSS iwe moja ile ile mu kampuni zote alizopitia. Tumekutana na wenye mbili, tatu, na kuziunganisha wakati wa retreti ni mateso. Na mbele ya kusaini kontra mupya, asome mustari wa tarehe ya kuingia kazi. Ukiwa na tarehe ya leo wakati yeye ni wa toka zamani, asisaini peke yake. Alete karatasi kwa delege wake, na bulteni za zamani mukononi.